Aya Moja, Tafsiri Tatu

Ijumaa Kuu, Wakristo hukumbuka Yesu akifa msalabani. Kurani, Sura ya 4 aya ya 157, yasema hakuuawa wala hakusulubiwa. Mimi nilitaka kujua: nani alituletea aya hiyo kwa Kiswahili?

Wa kwanza alikuwa padri, eti! Godfrey Dale, mmisionari Mwanglikana wa Zanzibar, alitoa tafsiri yake ya Kurani 1923, na maelezo ya kutetea Ukristo juu. Mwaka wa 1953 Waahmadiyya wakatoa yao Nairobi: kwao Yesu alitundikwa, akateremshwa hai, akaja kufia Kashmir. Sheikh Abdullah Saleh Farsy, Kadhi Mkuu wa Kenya, akawajibu wote 1969. Kwa Wasunni wengi, Mungu alimpaza Isa mbinguni, na mwingine akafananishwa naye.

Usiniambie basi ni yale yale. Kwa Mkristo, bila kifo hicho hakuna wokovu. Kwa Mwislamu, dhambi ya mtu haibebwi na mwingine. Ila wote wanakataa kwamba Mungu alimtupa mtu wake: huyu asema alimtoa kaburini, yule asema hata msalabani hakumfikisha.