Kununua Nyumba ya Rehani Kambove Kabla ya Mnada

Nyumba inayokaribia kupigwa mnada huwa na bei ya kuvutia, na mnunuzi huona heri amuwahi mwenye nyumba, wakubaliane kimyakimya. Makala hii inashikilia kwamba ununuzi wa kabla ya mnada unaweza kuwanufaisha wote wawili, ila pesa ya deni isipitie mkononi mwa muuzaji.

Kambove, mji wa migodi wa Katanga nchini Kongo, haikuzoea rehani. Reli ilifika pale mwaka 1913 ikifuata shaba, na nyumba za wafanyakazi zikawa za kampuni ya migodi ya Union Minière, kisha, baada ya 1967, za kampuni ya serikali ambayo leo ni Gécamines. Mfanyakazi alipewa nyumba kama alivyopewa posho. Hakuwa na cha kuweka dhamana. Kampuni ilipodhoofika, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 katika Katanga nzima wakaingizwa kwenye mpango wa kuondoka kwa hiari ulioanza 2003, lupango, yaani kiwanja cha mtu mwenyewe, likawa na uzito mwingine kabisa kwa familia.

Kwa sheria ya 1973, ardhi ni ya Dola. Haki ya raia juu yake huthibitishwa na cheti cha usajili. Risiti na mkataba uliosainiwa mbele ya mashahidi havishiki nafasi yake. Kwa hiyo kabla ya kutaja bei, mnunuzi aende kwa msajili wa hati aone jina la nani limeandikwa na rehani ipi imebandikwa juu yake.

Mwaka 2012 Kongo ilijiunga na OHADA, jumuiya ya kuoanisha sheria za biashara Afrika, na sheria ya jumuiya hiyo ya 1998 ya kukamata mali, iliyorekebishwa Kinshasa mwaka 2023, ndiyo inayoongoza mnada. Katika sheria hiyo ya 1998, mdaiwa hupewa amri ya malipo yenye siku 20 za kulipa. Amri hiyo ikishasajiliwa, hawezi tena kuuza nyumba, na anayemlipa pembeni hapati nyumba. Upenyo uliobaki ni mmoja: mnunuzi aweke amana ya kutosha kulipa deni, riba na gharama za wadai walioandikishwa pamoja na mdai aliyeanzisha ukamataji. Hapo mauzo ni halali.

Naupendelea upenyo huo kuliko mnada wenyewe. Sheria ya 1998 iliagiza mishumaa iwashwe mnadani, kila mmoja wa dakika moja hivi. Mitatu ilipozimika bila mtu kutamka bei, mdai aliyeanzisha ukamataji alichukua nyumba kwa bei ya kuanzia. Katika mji wenye watu wachache wenye fedha taslimu, ukumbi usio na wazabuni ni jambo la kutarajiwa. Mkongwe wa mgodini angeweza kupoteza nyumba kwa dakika tatu. Mnunuzi aliyeweka amana humlipa mdai kamili, na kiasi chochote cha bei kinachozidi deni hubaki kwa mwenye nyumba, apate angalau kodi ya pa kuhamia.