Fingo, Kengele na Hirizi: Vitu vya Kinga katika Masimulizi ya Mombasa Bara

Utangulizi

Katika visasili vya mataifa mengi, usalama wa mji hufungamanishwa na kitu kimoja. Wayunani wa kale walisimulia habari za Palladium, sanamu ya mbao ya Athena iliyohifadhiwa mjini Troy. Ilisadikiwa kuwa mji huo hauwezi kutekwa maadamu sanamu imo ndani yake. Ndipo Odysseus na Diomedes walipoingia usiku wakaiiba. Upande wa bara wa Mombasa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, nao una vitu vyake vya kinga. Makala haya yanachunguza vitatu: fingo, kengele na hirizi. Hoja yake ni kwamba, katika masimulizi, nguvu ya kitu cha kinga haimo ndani ya kitu chenyewe bali katika sharti linalowafunga wanaokilinda. Kupuuzwa kwa jambo hili kumepotosha ufahamu wa msiba wa Likoni wa mwaka 1997.

Fingo na Sharti Lake

Kwa mujibu wa mapokeo ya Wamijikenda, mababu walipohama Singwaya walichukua mafingo yao na kuyafukia katika kaya walizozijenga msituni. Wanahistoria hawajaafikiana juu ya safari hiyo: Thomas Spear (1978) aliipa uzito wa tukio la kihistoria, ilhali Justin Willis (1993) alionyesha kwamba utambulisho wenyewe wa Kimijikenda ulijengeka kwa sehemu kubwa katika karne ya 20. Kwa mhakiki wa fasihi simulizi, hata hivyo, swali la msingi ni kazi ya fingo ndani ya masimulizi. Fingo halionekani. Hulindwa na wazee, na huzungukwa na miiko: mti wa kaya haukatwi, wala mtu haingii msituni apendavyo. Anayevunja mwiko hakosi dhidi ya chungu kilichofukiwa, hukosa dhidi ya jamii nzima.

Mantiki hiyo haikuishia msituni. Wachangamwe, ambao ni mojawapo ya Tatu Taifa za Mombasa pamoja na Wakilindini na Watangana, husimuliwa kuwa walitoka ng'ambo ya bara. Na Waswahili wa kisiwani waliishi na majirani zao Wamijikenda kwa maagano ya biashara na ya kusaidiana vitani. Hapo pia kinga ilikuwa deni la watu kwa watu.

Mfano ulio wazi zaidi watoka kwa Wagiriama, kaskazini ya Mombasa. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola waliwakusanya watu kayani, wanawake wakala kiapo cha mukushekushe na wanaume kiapo cha fisi. Mnyama huyo hakuteuliwa kwa kubahatisha. Charles New alikwisha kuandika mwaka 1873 jinsi fisi alivyotukuzwa na watu wa eneo hilo, hata akaombolezwa afapo. Mwezi wa Agosti 1914 serikali ya kikoloni iliilipua kaya hiyo kwa baruti. Serikali ilidhani kwamba nguvu ya Wagiriama ilikaa katika mahali na vitu. Lakini vita vilizuka baada ya mlipuko, kwa kuwa kiapo kilikuwa kimekwisha kuhamia katika watu.

Kengele ya Kisauni

Kitu cha pili hakikufichwa. Mwaka 1875 Waanglikana wa Church Missionary Society walianzisha Freretown, Kisauni, kuwa makao ya watu waliokombolewa utumwani. Kengele iliyosimamishwa hapo ilipigwa kuwatahadharisha wakazi wakati wavamizi wa kukamata watumwa walipokaribia, na mahali pakaitwa Kengeleni hadi leo. Fingo hulinda kwa kunyamaza, kengele hulinda kwa kupaza sauti. Hata hivyo sharti la vyote viwili ni moja. Kengele isiyo na mlinzi wa kuipiga na watu wa kuiitikia ni chuma tu.

Hirizi ya Mwaka 1997

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua polisi na kutwaa bunduki, kisha wakawageukia wakazi waliotoka bara ya mbali. Katika ghasia zilizofuata zaidi ya watu 100 waliuawa na wapatao 100,000 wakayahama makazi yao. Uchunguzi uliofanywa baadaye, ukiwemo wa Human Rights Watch (2002), ulieleza kwamba vijana walikuwa wamelishwa viapo na kupewa dawa za kuwakinga na risasi, na kwamba msitu wa Kaya Bombo, Kwale, ulitumiwa kuwa kambi. Uchunguzi huo ulionyesha pia mkono wa wanasiasa waliojiandaa kwa uchaguzi wa Desemba mwaka huo.

Baadhi ya waandishi waliufasiri mkasa huo kuwa ni zao la imani za kaya. Tafsiri hiyo inachanganya vitu viwili. Fingo ni zindiko la mji: ni la wote, halibebwi, na humdai kila mtu ajizuie. Hirizi ya mpiganaji ni ya mwili mmoja, na huondoa hofu pale ambapo mwiko ungeiweka. Kisa cha Fumo Liongo hufundisha vivyo hivyo: mwili usiopenya silaha ulishindwa na sindano ya shaba kitovuni, baada ya siri kumfikia mwana aliyehongwa. Katika Maji Maji (1905–1907) maji ya Kinjikitile hayakuzuia risasi za Wajerumani. Lakini yaliunganisha makabila yaliyokuwa mbalimbali dhidi ya mtawala mmoja. Hirizi za Likoni zilitumiwa kuwatenga majirani waliokuwa wakivuka feri moja.

Hitimisho

Mwaka 2008 misitu mitakatifu ya kaya iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Ulinzi wa misitu ni jambo jema, ila hautoshi iwapo masimulizi yatakusanywa kama orodha ya vitu vya ajabu. Mtafiti wa fasihi simulizi anayeuliza fingo ni kitu gani atapata chungu. Anapaswa kuuliza pia nani analilinda, kwa miiko ipi, na kwa faida ya nani. Lau maswali hayo yangeulizwa kuhusu hirizi za mwaka 1997, lawama isingeishia kwa wazee wa msituni, ingewafikia pia waliozitumia kwa ajili ya kura.