Kusomana kwa Madaftari: Funzo la Historia ya Unguja

Katika ofisi za serikali, Bara na Visiwani, limeenea neno ambalo mwanafunzi wa lugha hana budi kulitazama kwa makini. Husemwa kwamba mifumo ya kompyuta haina budi *isomane*: yaani, habari za mtu zilizoandikwa katika ofisi moja zipokelewe na kufahamika katika ofisi nyingine, bila ya mwenyewe kuzunguka na makaratasi mkononi. Neno hili limeundwa vizuri. Kiambishi *-an-* hudai watendaji wawili, na kila mmoja awe msomaji naye asomwe. Basi haitoshi ofisi mbili kuunganishwa kwa waya. Sharti kwanza zikubaliane jina ni nini, tarehe ni nini, na mtaa ni nini. Mapatano ya namna hiyo si mapya katika pwani yetu. Nia ya makala haya ni kueleza jinsi Unguja ilivyopata kuwa kipimo cha mapatano kama hayo, na kitu gani kiliachwa nje siku zile ambacho kinatudai hata leo.

Katika karne ya kumi na tisa wenyeji wa Unguja waliandika barua na hati zao kwa herufi za Kiarabu. Herufi hizo zina alama tatu tu za irabu, hali Kiswahili kina irabu tano; *i* na *e* hushirikiana alama moja, na *u* na *o* vivyo hivyo. Tena mara nyingi mwandishi hakutofautisha *b* na *p*, wala hakuandika *m* itanguliayo konsonanti hizo. Neno moja liliweza kusomwa *baba*, *papa*, *bamba* au *pamba*, na msomaji akaamua kwa maana ya sentensi. Lakini majina ya watu yenye asili ya Kiarabu yalikuwa na umbo moja. Khamis wa Makunduchi, wa Lamu na wa Maskati waliandikwa kwa herufi zile zile nne, ijapokuwa kila mmoja aliitwa kwa matamshi ya kwao.

Herufi za Kirumi ziligeuza mambo. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa Askofu, alitoa kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Mombasa nako, Krapf, aliyefika mwaka 1844, alikuwa amekwisha kuitumia lahaja ya Kimvita. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, nchi nne zilikuwa chini ya utawala wa Waingereza: Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Kila moja ilikuwa na idara yake ya elimu, na kila idara ilihitaji vitabu. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha ya maandishi. Tarehe 1 Januari 1930 Halmashauri ya Kiswahili ya nchi hizo nne ilianza kazi, na Frederick Johnson akawa Katibu wake wa kwanza. Kamusi zake zilitoka mwaka 1939.

Kwa maneno ya leo, serikali nne zilipatana juu ya umbo moja la habari ili madaftari yao yasomane. Faida yake haihitaji kutetewa. Hata makala haya yameandikwa kwa maendelezo yaliyotokana na kazi ile. Lakini yafaa tukumbuke gharama yake pia. Wenye Kimvita, lahaja ya washairi wakubwa, waliona lugha yao imewekwa kando. Na miaka mingi ilipita kabla ya wenye lugha wenyewe kuketi katika Halmashauri hiyo kama wajumbe.

Na liko jambo lililoachwa nje. Halmashauri ilisawazisha maneno. Majina ya watu hayakuwa kazi ya kamusi. Hivyo mambo yaligeuka: *pamba* likapata umbo moja, na Khamis akapata mengi. Ataandikwa Khamis, Khamisi, Hamis au Hamisi. Dada yake ataitwa Fatma huku na Fatuma kule. Na Othman wa Unguja atakuwa Athumani akivuka bahari. Karani wa zamani, aliyewajua watu wa mtaa wake, hakupotea. Mashine haimjui mtu. Kwake herufi moja ikizidi, mtu ni mwingine.

Mpango wa majina nao una mashaka yake. Katika Unguja mtu hutajwa kwa jina lake, la baba yake, na la babu yake. Tuseme Ali Juma Khamis ni mwana wa Juma Khamis Mbarouk. Fomu iliyotungwa kwa desturi ya Kiingereza hutaka jina la ukoo, na mwenye kuijaza huandika jina la tatu. Kwa hesabu hiyo Ali ni wa ukoo wa Khamis, na baba yake ni wa ukoo wa Mbarouk, na daftari halioni udugu wowote baina yao. Mimi mwenyewe nilipokuwa nikisoma Ulaya niliitwa miaka yote kwa jina la babu yangu, naye hakupata kukanyaga huko. Kwangu lilikuwa jambo la kuchekesha. Kwa mtu anayedai mirathi si la kuchekesha.

Tarehe ni hivyo hivyo. Kwa hesabu ya pwani siku huanza jua likichwa, na mtoto aliyezaliwa Alhamisi saa mbili ya usiku amezaliwa usiku wa Ijumaa. Karani asiyejua desturi hiyo atamwandika siku moja mbele. Tena mzee ahesabuye umri wake kwa miaka ya Hijra akisema 63, kwa kalenda ya Miladi ni takriban 61. Tofauti hizi si ndogo, maana namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Kosa likiingia hapo, huwa limeingia katika namba yenyewe.

Hata neno *mtaa* ni mtego. Katika miji ya Bara ni sehemu ya utawala iliyo chini ya kata. Katika Mji Mkongwe ni jina la ujirani tu, na serikali huanzia katika shehia, kwa sheha. Nafasi ya fomu ni moja, maana ni mbili. Na Mzanzibari mmoja huwamo katika madaftari yote mawili: ana kitambulisho cha taifa, na ana kumbukumbu zake kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii wa Zanzibar, uliowekwa na sheria ya mwaka 2018.

Mwaka 2012 nchi za Umoja wa Ulaya zilikubali kile zilichokiita misamiati ya msingi, wa mtu na wa mahali miongoni mwake, kwa ajili ya ofisi za serikali zao. Katika msamiati wa mtu mna nafasi ya jina la ukoo, na nafasi mbali ya jina litokanalo na baba, desturi iliyopo kwa mfano Bulgaria. Tena mna nafasi ya jina jingine ambalo mtu hujulikana kwalo. Hakuna aliyelazimika kumgeuza babu yake kuwa ukoo.

Mwaka 1928 Unguja ilikuwa kipimo, na wengine wakajipima kwayo. Safari hii kipimo kinatoka kwingine, nasi tunaonja walichoonja watu wa Mombasa. Shauri langu ni dogo. Jina la baba liandikwe kuwa jina la baba. Maendelezo mbalimbali ya jina moja yaunganishwe, yasifutwe, na pale penye hati ya zamani, umbo lake la herufi za Kiarabu liwekwe kando yake, kwani huenda ndilo litakaloonyesha kwamba Hamisi na Khamis ni mtu mmoja. Na mafundi wa kompyuta wanapoketi kupanga nafasi za daftari, wawaite masheha na wataalamu wa lugha waketi nao tangu siku ya kwanza, wasingoje miaka kama ilivyongoja Halmashauri ya zamani.