Hongo ya Ugogo haikuwa rushwa

Wadau, leo tuweke siasa pembeni kidogo, tupige hesabu. Kila anayesafiri mbali ana swali moja: nilichobeba kitanifikisha wapi kabla sijapata kingine? Kijana wa bodaboda hapa Chang'ombe, Dodoma, akipata abiria wa kijiji cha mbali, kwanza anatikisa tenki. Wenye pikipiki za theluji kule Kanada na Alaska nao wanapiga hesabu hiyo hiyo, ila kwao kukosea ni kulala kwenye baridi inayoua. Kabla petroli haijaijua nchi hii, hesabu hiyo ilipigwa hapa hapa kwetu, na "mafuta" yenyewe yalikuwa maji na nafaka.

Nazungumzia misafara ya karne ya 19. Njia kuu ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Tabora na hatimaye Ujiji. Ukishatoka Chunyo, karibu na Mpwapwa, ulikuwa unaingia nyika isiyo na maji iliyoitwa Marenga Mkali (Kigogo maji ni malenga, na waliolipa pori lile jina hilo walikuwa wanakuonya). Ukimaliza Ugogo yenyewe, mbele yako kulikuwa na pori jingine kame, Mgunda Mkali. Kwa hiyo Ugogo ilikaa katikati ya makali mawili. Hilo tulikumbuke, maana ndiyo roho ya habari hii.

Stanley alipita Marenga Mkali mwezi Mei 1871 akimtafuta Livingstone, na hesabu yake ameiacha kitabuni. Nyika ile ilizidi maili 30, yaani kama kilomita 48. Msafara mkubwa wa watu zaidi ya 200 haukuzidi kilomita 2.8 kwa saa. Gawanya mwenyewe: saa 17 za kutembea bila tone la maji njiani, na ilibidi zimalizike ndani ya saa 36.

Waliwezaje? Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walikuwa na mbinu ambayo wasafiri wa Kizungu waliiandika kama "tirikeza" au "terekeza". Hamwondoki alfajiri kama siku zote. Mnapika, mnakunywa mpaka basi, mnajaza vibuyu, kisha mnaondoka mchana. Mnatembea hadi usiku, mnalala bila maji, mnaamka kabla ya jua na kuendelea. Sehemu kubwa ya safari inaangukia kwenye ubaridi. Kibuyu hakijaongezeka ukubwa hata kidogo, lakini kinakufikisha mbali zaidi.

Mtu atauliza, si wangebeba maji mengi tu? Hebu tujaribu. Tuseme mtu anayetembea juani na mzigo anahitaji lita nne kwa siku. Watu 200 ni lita 800, yaani kilo 800. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, kilo 32 hivi. Hapo wapagazi 25 wamekwisha kwa maji ya siku moja tu! Njoo kwenye chakula. Posho ya kawaida ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, kama gramu 700. Siku kumi kwa watu 200 ni kilo 1,400, mizigo 44. Nani sasa atabeba pembe za ndovu na vitambaa? Kila unachoongeza kwa ajili ya kufika kinaondoa kile ulichoendea.

Waliokwenda Ncha ya Kusini walikutana na mtego huu huu. Amundsen, aliyefika huko Desemba 1911, alikuwa ameanza kwa kuweka maghala ya akiba njiani. Scott naye aliweka, lakini katika kurudi wenzake na yeye walikuta mafuta ya taa yamepungua kwenye makopo, na mwezi Machi 1912 wakafia hemani, kama kilomita 20 tu kabla ya ghala kubwa.

Misafara yetu haikuwa na maghala. Ghala lake lilikuwa watu. Wagogo ndio waliochimba visima, ndio waliolima mtama na uwele kwenye nchi ambayo mvua ikikosea kidogo ni njaa. Msafara wa mamia ukipiga kambi, unakunywa maji ambayo kijiji na mifugo yake walitegemea yawafikishe masika. Ndiyo maana watemi wa Ugogo walidai hongo, iliyolipwa hasa kwa doti za kitambaa. Hulipi, huchoti.

Burton aliyepita mwaka 1857 alilalamika, Stanley naye akalalamika alipotozwa Mvumi. Katika vitabu vyao Mgogo ni mlafi anayewanyang'anya wasafiri. Na sisi tumerithi malalamiko yao: leo ukisema "hongo", kila mtu anaelewa rushwa. Lakini ukinunua petroli ya chupa kijijini kwa bei ya juu kuliko ya mjini, unamwita muuzaji mnyang'anyi? Unalipa, unashukuru, unawasha.

Sisemi watemi wote walikuwa malaika. Nguvu ya kufunga kisima inaweza kutumika vibaya, na bei nyingine zilikuwa za kukomoa. Ila tuangalie kilichotokea malipo yalipokoma. Utawala wa Kijerumani uliikomesha hongo kwa bunduki, na reli ikafika Kigoma mwaka 1914. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Majeshi ya pande zote mbili, Wajerumani na Waingereza, yalipita Ugogo yakichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Hakuna aliyesimama kisimani kuuliza utalipa nini. Ukame ulipoongezeka juu ya hayo, ikaja njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya, kati ya 1917 na 1920. Watu walikufa kwa maelfu. Msafiri alifika alikokuwa anakwenda, mwenyeji akabaki bila cha kumfikisha mavuno.

Sasa Dodoma ni jiji na makao makuu, na kwa miaka mingi maji yake yametegemea visima vya bonde la Makutupora. Watu tunazidi kumiminika. Safari hii msafara haupiti, umekuja kukaa. Wataalamu watatuambia mabomba yanatosha au hayatoshi, lakini kuna swali la kale ambalo watemi wa Ugogo walikuwa wakimuuliza kila mgeni kabla hajatia kibuyu chake kisimani: wewe unayechota, unamwachia nini mwenye kisima?