Banda Lililozeeshwa kwa Makusudi

Mimi ni seremala, na baba yangu alikuwa seremala wa reli Mombasa. Kwa hiyo nikitazama picha za reli ya mfano ya John Allen, jicho langu haliendi kwenye treni. Linaenda kwenye mbao.

Allen alikuwa mpiga picha wa Monterey, California. Katika miaka ya 1940 wapenzi wengi wa reli za mfano Marekani walihangaika na injini zaidi. Majengo yalikuwa ya kujazia nafasi tu, safi kama yametoka dukani jana. Yeye akajenga banda la injini na kulizeesha kwa makusudi, na picha zake katika majarida zikawafanya wenzake waliangalie jengo upya.

Kazi yenyewe ni ya subira. Kipimo cha reli za mfano kiitwacho HO ni 1:87: mtu wa futi sita anakuwa na urefu wa milimita 21, na ubao wa upana wa inchi nane unabaki milimita mbili na kidogo. Kabla ya kukata, ubao husuguliwa kwa brashi ya waya kufuata nyuzi zake, kisha hupakwa wino mweusi uliochanganywa kwa spiriti nyingi. Wino hutangulia gundi, sababu penye gundi mbao hainywi tena na doa jeupe halifichiki. Mwisho huja misumari: vitundu vya ncha ya sindano, viwili viwili. Hapo ndipo ninapompima fundi. Vitundu vikifuata mstari wa nguzo za ndani, hata kama nguzo hizo hazipo, najua aliyejenga anaelewa nyumba ya mbao inavyosimama.

Mjenzi mwingine wa mifano, E. L. Moore wa Charlotte, North Carolina, alikwenda njia ya gharama ndogo: mbao laini ya balsa, kadibodi na chochote kilichokuwa karibu. Makala zake zilimpa ujasiri mtu asiye na pesa za vifaa, na kwangu huo ni mchango mkubwa kuliko ustadi wake.

Na kwa nini mbao? Kwetu mchwa walifanya Reli ya Uganda itumie mataruma ya chuma. Marekani ilikuwa na misitu, hivyo mataruma, madaraja, matangi ya maji, mabanda ya makaa, vingi vilikuwa vya mbao. Dizeli ilipoushinda mvuke, kufikia 1960, matangi na mabanda hayo hayakuwa na kazi tena, na mengi yakabomolewa. Waliokuwa wameyapima kwa futi na kuyachora kwa ajili ya mifano yao wakajikuta wameyahifadhi.

Allen alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye moto ukateketeza sehemu kubwa ya reli yake. Lakini kamera yake ilikuwa imepita kila pembe, na kwa picha hizo mafundi bado wanalijenga banda lake, ubao mmoja mmoja.