Joho la Bwana Harusi, Joho la Mkunga



Asubuhi ile hatukufungua duka. Tulibandika karatasi mlangoni kuwa tumekwenda mahafalini, tukatia mkobani vikasha vitatu vya pini, sindano mbili na uzi mweusi, tukapanda daladala la Tunguu. Wenzetu walikwenda na mashada ya maua. Sisi tulikwenda na pini kwa sababu tunaijua shida yenyewe. Kofia ya mahafali, ile yenye ubao wa pembe nne juu, haikukatwa kwa kichwa chenye ushungi. Ikikaa juu ya kitambaa kinachoteleza hupanda taratibu mpaka ianguke, na mara nyingi huanguka pale pale mtu anapopita mbele ya wageni.

Basi tukasimama nyuma ya ukumbi, karibu na mabomba ya kutilia udhu, tukawafunga mabinti mmoja mmoja: kikofia cha pamba cha ndani kwanza, halafu ushungi, halafu pini nne, mbili mbele ya masikio na mbili nyuma, zipite kwenye pindo la kofia zikamate mpaka kile kikofia cha ndani. (Biharusi anayevaa taji juu ya ushungi naye afanye hivyo hivyo. Tumeshalisema hili hapa, na bado tunaletewa picha za mataji yaliyolala upande.) Aliyetualika ni binti tuliyemshonea nguo za harusi miaka miwili nyuma, akiwa bado mwanafunzi wa uuguzi na ukunga. Alituomba tumfunge yeye. Tulipommaliza, nyuma yake kulikuwa na foleni.

Wahitimu wa afya walipoanza kuingia, weusi watupu kwa majoho, bibi mmoja aliyekaa mbele yetu alimgeukia mjukuu wake akamuuliza, "Hawa wote wanaoa leo?" Watu walicheka, lakini bibi hakukosea. Joho kwetu ni vazi la bwana harusi: kanzu, kilemba, jambia kiunoni, na joho juu yake lenye utarizi wa zari shingoni. Kabla ya kuwa la bwana harusi wa kila mtaa lilikuwa vazi la wakubwa, masultani na makadhi. Na neno lenyewe zamani lilikuwa jina la kitambaa, sufi nzito iliyoletwa na wafanyabiashara, kabla halijawa jina la vazi linaloshonwa kwacho.

Joho la mahafali lilikuja kwa njia nyingine. Vyuo vikuu vya kale vya Ulaya vilijaa watu wa kanisa, na watu wa kanisa walivaa mavazi marefu ndani ya majengo ya mawe yenye baridi. Vazi likabaki hata baridi ilipoisha. Lilipofika kwetu, watu waliona vazi refu, lililo wazi mbele, lenye mikono mipana, linalovaliwa na mtu anayepewa daraja mbele ya umati. Wakalipa jina walilokuwa nalo. Sisi mafundi tunaona walilipatia, isipokuwa jambo moja: joho la zamani lilikuwa la mwanamume. Tumeshona nguo za harusi miaka kumi na mbili na hatujawahi kukata joho kwa vipimo vya mwanamke. Siku ile tulikuwa tumezungukwa na wanawake waliovaa joho, na wakunga ndio waliokuwa wengi kwenye foleni yetu.

Safari ya kufika hapo ilikuwa ndefu. Tunaisimulia hasa kwa mabiharusi, maana ndio watakaolala kitanda cha kujifungulia karibuni, In shaa Allah.

Tuanze na Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa kasri la Mtoni mwaka 1844. Alikuwa binti wa mfalme, na bado alifundishwa kusoma tu. Kuandika alijifundisha mwenyewe kwa siri, na ubao wake ulikuwa mfupa wa bega la ngamia. Alilisimulia hili katika kitabu chake kilichotoka Ujerumani mwaka 1886. Tunaanza naye kwa sababu mtu asiyeruhusiwa kuandika hawezi kujaza kadi ya mgonjwa, wala kumpimia dawa mtu wa pili kwa maelezo ya mtu wa kwanza. Kama hali ilikuwa hivyo kwa watoto wa kasri, wa mitaani tusiwaulize. Mwanamke aliyeumwa uchungu alikuwa na mkunga wa mtaa, na mkunga wa mtaa alikuwa na mikono yake, uzoefu wake na dua. Hatumdharau. Wengi wetu mama zetu walizaliwa mikononi mwake, na kukandwa na kukaa arubaini tunakokupenda mpaka leo alikulinda yeye. Lakini damu ikitoka isikatike, au mtoto akikaa vibaya, alikuwa hana pengine pa kumpeleka mtu.

Tukienda bandarini kupokea mizigo ya vitambaa huwa tunapita mbele ya lile jengo la roshani za mbao zilizochongwa, ambalo watu wa mjini huliita dispensari ya zamani. Tajiri Tharia Topan aliweka jiwe la msingi mwaka 1887 akikusudia pawe mahali pa kutibu maskini. Alifariki mwaka 1891 ujenzi haujakwisha. Mjane wake, Janbai, ndiye aliyeusimamia mpaka jengo likakamilika mwaka 1894. Watalii hulipiga picha kwa nakshi zake, na jina la mama yule ni nadra kutajwa.

Wauguzi wa kike waliosomea walikuwapo mjini zama hizo, ila wa misheni. Jengo la St Monica, jirani na kanisa la Mkunazini, lilikuwa hospitali yao. Na Mbweni, ambako leo wanafunzi wetu wa afya wana madarasa yao, misheni hiyo hiyo ilinunua ardhi mwaka 1871 ikaweka makazi ya watu waliokombolewa utumwani, pamoja na skuli ya wasichana. Caroline Thackeray alifika kuiongoza mwaka 1877. Dokta John Kirk, balozi wa Uingereza ambaye kwa asili alikuwa tabibu, naye alikuwa na nyumba na bustani huko huko Mbweni. Kwa hiyo mabinti wa leo wanasomea uuguzi juu ya ardhi ambayo wasichana waliotolewa minyororoni walijifunzia herufi. Kwa familia za Kiislamu, lakini, mambo hayo yalikuwa ya kanisa. Mzazi aliogopa kuwa mtoto akiingia kwa ajili ya dawa atatoka na dini nyingine.

Mwaka 1918 kikaundwa chama cha kusaidia wanawake wanaojifungua, kwa michango ya watu wa jamii mbalimbali za mjini. Mwaka 1927 serikali ikafungua skuli ya wasichana. Bibi zetu husimulia gari lililowachukua wanafunzi, mapazia yameshushwa, ili mtoto wa watu asionekane njiani. Msichana akitoka pale akiwa mwalimu, wazee walikubali bila vita kubwa. Kufundisha kulifanana na madrasa, kazi ni ya mchana, na waliomo darasani ni wasichana wenzake. Uuguzi ulikuwa habari nyingine. Una zamu za usiku, una wagonjwa wanaume, na sare katika picha za zamani ni gauni fupi na kikofia cheupe kilichoacha shingo wazi. Mzazi aliyekataa hakuwa na roho mbaya. Alikuwa anaambiwa achague kati ya elimu ya binti yake na stara yake, na hakuna aliyemwambia kuwa sare inaweza kushonwa upya. Siku hizi kanzu nyeupe ya mikono mirefu, suruali na ushungi wa kufunga nyuma tunavishona kwa siku mbili. Ni mishono rahisi kabisa. Kilichokosekana si kitambaa.

Lakini tusiwacheke wazee wale, maana na sisi tumo. Mwenzetu mmoja hapa dukani, uchungu ulipomshika wa mtoto wake wa pili, alisikia kuwa anayezalisha zamu ile ni mwanamume. Akasema atangoja zamu ibadilike. Alingoja nyumbani, juu ya mkeka, tangu alasiri mpaka baada ya isha. Mtoto alizaliwa hapo hapo na hakulia. Yeye alifikishwa hospitali akiwa ametokwa na damu nyingi, na aliwekewa damu ya watu wawili wasiomjua. Ametuambia tuliandike. Anasema hamlaumu yule muuguzi, wala hajilaumu kwa kuona haya. Analaumu kwamba siku ile hapakuwa na mwanamke wa kumpokea. Kisha anatugeuzia: nani kati yetu alikuwa na binti akampeleka akasomee?

Baada ya Mapinduzi ya 1964 hospitali kuu ya Mnazi Mmoja ilipewa jina la V.I. Lenin. Madaktari wengi wa kigeni waliondoka, na mwaka huo huo timu ya kwanza ya madaktari wa Kichina ikaingia. Mwaka uliofuata matibabu yakatangazwa kuwa bure. Watu walijaa hospitali, na wenye kuwahudumia walikuwa haba. Hapo ndipo haja ya kusomesha watoto wa hapa hapa ilipokuwa ya lazima, wa kike na wa kiume. Kikaja chuo cha sayansi za afya Mbweni, kikatoa wauguzi na wakunga ambao leo ni mama zetu. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kufungua milango mwaka 2001. Baadaye chuo cha Mbweni kiliunganishwa nacho, na walimu kutoka Cuba wakashiriki kusomesha udaktari kisiwani. Miaka hii tunaipita haraka, kwa kuwa wengi wenu mmeiona.

Turudi kwa biharusi wetu. Siku alipokuja kupimwa gauni alikuwa kimya mno kwa mtu anayeolewa na amtakaye. Tulipokuwa tunashusha pindo ndipo akatueleza. Siku ya posa, mzee mmoja wa upande wa mume alisema kuwa wanampenda binti, ila kazi ya usiku si stara, na akishaolewa chuo kitamtosha hapo kilipofika. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu. Baba yake alinyamaza. Aliyejibu ni babu yake, mwalimu wa madrasa, mtu wa maneno machache. Alimuuliza yule mzee kama anamjua Rufaida.

Rufaida al-Aslamiyya alikuwa mwanamke wa Madina aliyejua kutibu majeruhi. Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, Sa'd bin Muadh alipigwa mshale, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akaamuru awekwe katika hema la Rufaida lililokuwa msikitini, ili iwe karibu kumzuru. Msikitini, na mgonjwa ni mwanamume, na mwenye hema ni mwanamke. Hakuwa peke yake: Ummu Atiyyah alitoka katika vita saba, akiwapikia askari na kuwatibu majeruhi. Florence Nightingale, ambaye vyuo vya uuguzi humtaja sana, alifika Scutari mwaka 1854. Babu aliyasema haya bila kupandisha sauti, kisha akauliza swali moja tu: "Mjukuu wangu akishakuwa mkweo na akashikwa na uchungu, ungependa mlango ufunguliwe na nani?"

Yule mzee alisema ataka mwanamke. Babu akasema, basi huyo mwanamke ni mtoto wa nani?

Sharti likakubaliwa kabla mahari hayajatajwa, kuwa atamaliza masomo na atafanya kazi, na likasemwa tena mbele ya mashahidi. Tunawaomba mabiharusi wanaosoma hapa wazingatie wakati. Lilisemwa kwenye posa. Wapo waliotegemea kulisema baada ya fungate, na baadhi yao wametushonesha sare ambazo hazikuvaliwa hata siku moja. Tunazo mbili kabatini mpaka leo.

Pale Tunguu, Mkuu wa Chuo, ambaye ndiye Rais wa Zanzibar, aliwatunuku wahitimu, na kofia zikabaki vichwani zote isipokuwa moja, ya binti aliyekataa pini kwa kuogopa kutoboa hariri. Mume wa biharusi wetu alikuwa amembeba mtoto wao wa miezi saba. Yule mzee wa siku ya posa alikuwapo pia, kavaa kanzu safi, na alikuwa akipiga vigelegele vya kiume, yaani kupiga makofi asimamishwe.

Tulikula pilau chini ya mwembe. Saa tisa biharusi wetu alikuja mbio tumfungue pini, kwa sababu joho lile ni la kukodi, lilitakiwa lirudishwe jioni ile, na yeye saa moja usiku alikuwa aingie zamu. Mwenzetu, yule wa mkeka, ndiye aliyemfungua. Alizitoa pini nne moja moja, akazihesabu mkononi, akalikunja joho kwa mistari yake, akamuuliza ni wodi gani.

"Ya wazazi," akasema.