Gauni Lisilo na Jina

Babu yangu mzaa mama alibuni na kushona magauni mjini Tanga miaka ya hamsini. Nilipoanza kuitafuta historia yake niliambulia sifa za nguo tu. Karatasi yenye jina lake sikuiona. Mkosi huu si wa mafundi wa kwetu peke yao. Ann Lowe wa New York, mjukuu wa mtumwa, ndiye aliyeshona gauni la Jacqueline Bouvier alipoolewa na John Kennedy mwaka 1953. Siku kumi kabla ya arusi bomba la maji lilipasuka kazini kwake, gauni likaharibika. Akalishona upya, hasara akaibeba mwenyewe. Magazeti yalilisifu gauni. Mengi hayakumtaja fundi. Uandishi gani huo?

Kazi ya babu imebaki moja, gauni la mama mkubwa. Nililigeuza nikitafuta jina. Halina, ila pindo limeshonwa mara mbili.